Kigari cha Viti Viwili

Nikisikia mtu anasema mtoto mwoga apandishwe kitu cha chini kinachozunguka polepole, damu inanipanda. Mimi nilichagua hivyo, nikiwa na miaka kumi na tatu, kwenye kermesi, maonyesho ya michezo ya kupanda, iliyokuja Élisabethville mwishoni mwa kiangazi. Nilichagua kwa akili yangu yote, kwa upendo, na kwa kufuata kila nilichofundishwa nyumbani. Hakuna aliyenilaumu. Laiti wangenilaumu, ningekuwa na mtu wa kubishana naye.

Tulikaa kwenye kambi ya wafanyakazi, upande ambao moshi wa kiwanda ulituangukia kila upepo ulipogeuka. Baba alikuwa kwenye tanuru za shaba. Mama alinizaa mimi, akakaa miaka mingi bila mtoto, kisha akazaa mapasa, wasichana wawili kwa siku moja. Kwetu mapasa si watoto wa mchezo. Ukimpa mmoja yai, na mwenzake umpe yai. Ukimbeba mmoja, umbebe na mwingine, hata kama mgongo unakatika. Nguo zao zilikatwa kwenye kitambaa kimoja na fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo, mzee aliyejua mambo hayo na hakuthubutu hata kusema nani kati yao amenenepa zaidi. Anapokaa mmoja, wa pili anakaa kando yake. Hata majina yao yanafuata nani alitangulia kutoka tumboni, na kwa kuwa sitaki kutaja majina ya watu humu, nitawaita hivyo hivyo: wa kwanza na wa pili.

Wa kwanza alikuwa moto wa kuotea mbali. Alipanda ukuta, alivuta mikia ya mbuzi wa jirani, alimjibu kila mtu. Wa pili aliogopa karibu kila kitu. Aliogopa king'ora cha kiwanda, kuku, shimo la choo, na zaidi ya yote mizani ya dispensari, ile ambayo mtoto anavikwa kitambaa na kuning'inizwa kwenye ndoano. Akining'inizwa hapo alipiga kelele mpaka watu wa barabarani wakageuka. Kulikuwa na mfereji wa maji machafu mbele ya nyumba yetu. Wa kwanza aliruka, akageuka, akanyoosha mkono, ndipo wa pili akaruka naye. Sikuwahi kumwona akiruka kwanza.

Walipokuwa na miaka sita, wa kwanza alishikwa na homa mwezi wa sita, na siku ya tatu hatukuwa naye tena.

Nimesema hivyo kwa sababu kwetu hatusemi kwamba pasa amekufa. Tunasema amerudi. Wala haliliwi. Ukimlilia unamkasirisha, na akikasirika anakuja kumchukua mwenzake. Wanawake wa kambi walikuja, wakaimba nyimbo za mapasa, zile za matusi na vicheko ambazo mtu haimbi siku nyingine yoyote, na mama akacheza katikati yao kwa macho makavu. Mimi nilikwenda kujificha nyuma ya jiko nikauma mkono wangu. Nilimwona mama akicheza, na mpaka leo sijaona kitu kibaya kuliko kile.

Toka siku ile wa pili akanyamaza. Si kwamba alinuna, hapana. Alifanya kila alichoambiwa. Aliamka, aliosha uso, alikula, alikaa kando ya mlango. Ila maneno yalikwisha. Alipofika kwenye mfereji alisimama tu, akingoja, na mtu asipomwona angeweza kusimama pale mpaka jua liingie. Mama alimsemesha asubuhi na jioni, akamchekesha, akamwimbia, akamtisha, akambembeleza. Kimya. Kila nilipotoka shule jambo la kwanza mama aliloniuliza lilikuwa kama nimemsikia mdogo wangu akisema kitu mlangoni. Kiangazi chote nyumba yetu iliishi ikingoja neno moja kutoka kwenye mdomo wa mtoto.

Na huku tukingoja, mama aliendelea kugawa vitu viwili viwili. Sahani mbili za bukari, ugali wetu, vikombe viwili. Sahani ya wa kwanza iliwekwa mbele ya nafasi yake, ikakaa kidogo, kisha nikapewa mimi niimalize, kwa sababu posho ya kampani haikuwa ya kutupwa. Nilinenepa kiangazi kile. Watu wa shule walinisifu. Nilijichukia sana, na nilimaliza sahani.

Baba alijaribu mara moja. Alitazama sahani zile akamwambia mama taratibu, "Mama ya mapasa, muache mutoto akule yake tu. Sahani moja inatosha."

"Unataka na ule mwengine aende?" mama alijibu.

Baba akachukua kofia yake akaenda kazini, ingawa zamu yake ilikuwa bado. Hakugusa jambo hilo tena, na mimi namwelewa. Nani angetaka kuwa yeye aliyeondoa sahani, halafu kitu kikatokea?

Basi kermesi ikaja. Lori zilishusha vyuma na mbao kwenye uwanja wa wazi, na kwa siku kadhaa watoto wa kambi hawakuwa na habari nyingine. Jumamosi na Jumapili zilikuwa za Wazungu. Sisi tulipewa Alhamisi mchana. Masere, yaani mtawa aliyewafundisha mama zetu kushona, alipita na orodha yake ya watoto wadogo, kila mtoto tiketi moja. Jina la wa kwanza lilikuwa bado limo kwenye orodha. Masere akaita majina mawili, mama akaitika mara mbili, akapokea tiketi mbili, na hakuna jirani aliyefungua mdomo.

Akina mama hawakuruhusiwa kuingia. Watoto wadogo walishikwa mkono na dada au kaka zao, na wazazi walibaki nje ya waya uliozungushwa uwanjani. Asubuhi ile mama alinikalisha chini.

"Utachagua weye," alisema. "Angalia muzuri kitu chenye hakitamuogopesha. Usibaachanishe. Na akisema kitu, hata neno moja, uniletee. Umesikia? Hata neno moja."

Kisha akanipa gauni la wa kwanza, la maua ya buluu, sawasawa na lile alilovaa wa pili. Lilikuwa limekunjwa vizuri. Nilijua kazi yake bila kuambiwa. Kila mahali wa pili atakapokaa, gauni lile litakaa kando.

Mtu asifikiri nilichukua kazi hiyo kwa mzaha. Nilizunguka uwanja ule kama mke wa kapita, msimamizi wa kazi, anayenunua nyama. Kulikuwa na vitu vinne vya kupanda, na nilisimama mbele ya kila kimoja kwa muda, nimemshika mdogo wangu mkono. Sikutazama wale waliokuwa juu, maana mtoto akiwa juu anapiga kelele za furaha na za woga kwa sauti ileile. Niliwatazama wanaoshuka. Nilitazama miguu yao kama inatetemeka, nikatazama kama wanageuka kukimbilia mstari tena au wanatafuta mkono wa dada.

Gurudumu kubwa nililikataa mara moja, kwa sababu linasimama juu huku wengine wanapanda chini, na mtoto ananing'inia pale bila kujua litaondoka lini. Niliikumbuka mizani. Mashua za bembea nazo nilizikataa: zinavutwa kwa kamba na vijana wawili wenye nguvu, na vijana wakishapata watazamaji hawana kiasi. Kulikuwa na viti vya minyororo, kiti kimoja kimoja, vimening'inizwa kwenye mwavuli mkubwa wa chuma. Mwavuli ukizunguka, viti vinaruka nje juu ya vichwa vya watu, na kila mtu yuko peke yake na mnyororo wake. Hivyo sikuvitazama hata mara mbili. Kikabaki kile cha nne, maneji, jukwaa linalozunguka na farasi wa mbao, na kati ya farasi kulikuwa na kigari chekundu chenye viti viwili vya bapa vilivyoungana, ukingo wa kushika mbele, na sakafu karibu kabisa na ardhi. Kilizunguka polepole. Mtoto aliyeshuka humo alikuwa anakula karanga zake kana kwamba hajatoka popote.

Nilifurahi, nasema kweli. Nikajiona mtu mzima. Kitu cha chini, hakitikisiki, kina pa kushika, kina nafasi ya wawili. Nani angechagua vizuri zaidi?

Nikamvuta twende kwenye mstari. Hakuja. Nikageuka, nikamwona amesimama, shingo ameinua, anatazama viti vya minyororo vikipita juu yetu. Msichana mmoja alikuwa akiruka juu huko, miguu imenyooka, kiatu kimoja kimemdondoka, anacheka. Mdogo wangu akanyoosha kidole.

"Yaya," alisema, yaani dada mkubwa kwetu. "Nataka kile."

Sauti yake ilikuwa imekwaruza, kwa kukaa bila kutumika.  Nilichuchumaa mbele yake nikamshika mabega.

"Unasema nini? Sema tena."

"Kile. Peke yangu."

Kisha akatazama gauni lililokuwa mkononi mwangu, na akasukuma mkono wangu pembeni, si kwa nguvu, kama unavyosogeza pazia upite. "Mi moja," akasema.

Nimekuwa mama tangu wakati ule, na leo ningejua la kufanya. Ningemrusha juu kwenye kiti kile mwenyewe, ningefunga mnyororo, ningesimama chini nikipiga makofi. Mtoto aliyeogopa kuku alikuwa anaomba kuruka juu ya vichwa vya watu. Mtoto aliyengoja mkono wa mwenzake kila mfereji alikuwa anaomba kuruka bila mkono wa mtu. Lakini wakati ule sikuwa mama. Nilikuwa mtoto wa mama. Nilichosikia ni pasa aliye hai anamkataa pasa aliyerudi, mchana kweupe, mbele ya watu, na yule aliyerudi labda anasikiliza. Nikapatwa na hofu ambayo wa pili hakuwahi kuwa nayo kwenye mizani wala kwenye king'ora.

"Nyamaza," nilimwambia. Miezi mitatu tulingoja aseme, na neno langu la kwanza kwake lilikuwa nyamaza. "Usiseme bile. Utaogopa kule juu. Weye uko na woga. Na mapasa habapandake moja moja."

Alinitazama kwa muda. Kisha akashusha kidole, na akanipa mkono wake.

Mtu aliyekusanya tiketi kwenye maneji alikuwa mwenzetu, mwanamume wa makamo. Nilimpa tiketi mbili. Aliangalia huku na huku akimtafuta mtoto mwingine, kisha akaliona gauni, na uso wake ukabadilika. "Mapasa?" aliuliza kwa sauti ya chini. Nikaitikia. Akamwondoa mvulana aliyekuwa amekwisha kukaa kwenye kigari, akapangusa kiti kwa kiganja, akalipokea gauni kwa mikono miwili na kulitandaza yeye mwenyewe. Wanawake wawili nje ya waya wakaona, wakapiga vigelegele, kama inavyotakiwa. Watu wote walikuwa wema kwetu siku ile. Sina hata mmoja wa kumkasirikia.

Maneji ikazunguka. Raundi ya kwanza alikaa katikati ya kiti chake, mikono mapajani. Hakushika ukingo. Raundi ya pili niliona amejisogeza kidogo upande wa nje. Ya tatu, ya nne, akazidi kujisogeza, akiliachia gauni nafasi, mpaka paja lake moja likawa hewani na bega limeegemea ubavu wa kigari. Ilipofika mwisho alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti tu, amejikunja, na nafasi karibu yote ilikuwa ya gauni. Hakulia. Hakuogopa hata kidogo. Nilimshusha nikamuuliza kama amependa, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Mama alikuwa ameshika waya kwa mikono yote miwili. Alikuwa ameona.

"Ameongea," alisema kabla hatujamfikia. "Nimeona kinywa. Amesema nini? Niambie, amesema nini?"

Ningemwambia. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Lakini nilimtazama usoni, uso ule aliochezea kwa macho makavu, nikajua akisikia "peke yangu" ataona mtoto wa pili naye amekwisha kwenda. Nikafikiri nikilitamka ndio nitamuua mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na niliamini hivyo kabisa.

"Amelomba maji, mama," nilisema.

"Maji?"

"Ndiyo. Maji."

Mama akacheka. Alicheka akaketi chini kwenye vumbi, akasimama, akakimbia mpaka kwenye robine, bomba la maji la kambi, na kurudi na kikombe cha bati kinamwagika. Mtoto akatazama kikombe, akanitazama mimi. Nilikwepa macho yake. Akanywa nusu, nusu akarudisha.

Tangu siku ile alifanya kila kitu nusu. Bukari yake aliikata kwa mkono katikati, akala upande mmoja, akausukuma mwingine kuelekea sahani ya wa kwanza, ambayo tayari ilikuwa imejaa. Usiku alilala kwenye ukingo wa mkeka. Mama alidhani ni mapenzi ya mapasa, akawaambia majirani kwa fahari. Kila asubuhi alimletea maji kabla ya kitu kingine chochote. "Kunywa, mama. Ni weye ulilomba." Naye akanywa nusu. Hakusema neno tena, kwa mama, kwangu wala kwa mtu. Alikuwa ameomba mara moja na amejibiwa.

Mvua za kwanza zilikuja na surua. Iliingia kambini nyumba kwa nyumba, na watoto wengi waliugua wakapona, hata wale wembamba wa nyumba za mstari wa mwisho. Mdogo wangu hakupona. Muuguzi alituambia mwili wake haukuwa na akiba, akashangaa, kwa sababu nyumba yetu haikuwa na njaa. Nilikuwa nimesimama pale, mnene.

Wanawake walikuja tena na nyimbo zao. Mama alicheza tena. Mara hii alianguka katikati ya mzunguko, nao wakamwinua kwa kwapa wakaendelea kumchezesha, kwa sababu haliliwi.

Kila mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwakumbuka waliotutangulia, watu wa mji walikwenda makaburini na majembe na chokaa. Mama alikwenda na ndoo ya maji. Alimimina kiasi kilekile kwenye makaburi yote mawili, kisha kwenye lile la wa pili akaongeza kikombe kimoja, kitu pekee ambacho niliwahi kumwona akikigawa bila usawa. "Huyu aliniombaka," alimwambia yeyote aliyekuwa karibu. Ndoo ilikuwa nzito na mimi ndiye niliyeibeba.

Nilipoolewa nikahamia mtaa wa Katuba. Mama aliumwa kiangazi cha mwaka wa pili wa ndoa yangu, na baba akamleta kwangu kwa baiskeli. Alikaa nami wiki chache. Siku moja mchana nilikuwa namlisha uji, akausukuma mkono wangu pembeni taratibu, akaniuliza:

"Siku ile ku kermesi. Mutoto alisema maji tu?"

"Maji tu, mama."

"Niliona kinywa kikifunguka mara nyingi."

Kijiko kilikuwa hewani. Ningeweza kumwambia. Hapakuwa na mtoto aliyebaki wa kuuawa na neno lile. Lakini alikuwa na kikombe kimoja tu cha maji duniani kote ambacho aliamini alimpa mwanawe alichokitaka, nami sikuwa na kitu kingine cha kumwekea mahali pake.

"Alirudilia, mama. Maji, maji. Alikuwa na kiu."

Alinitazama kama yule mtoto alivyonitazama. Kisha akafungua mdomo, akameza uji niliompa, na hakuniuliza tena.